Siku Nilipotangaza Kijiji cha Mgonjwa

Bandeji iliyoshikamana na kidonda haivutwi. Inaloweshwa kwanza. Chukueni maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yawe ya vuguvugu, myamwage polepole, halafu msubiri. Mnaposubiri, muulizeni mgonjwa habari za watoto wake. Akifika kwa mtoto wa tatu, bandeji itakuwa imejiachia yenyewe.

Naanza na hilo, wanangu mnaoingia kazini mwaka huu, kwa sababu mkubwa wenu ameniomba niwaandikie maneno machache juu ya kazi ya uuguzi, na maneno machache sijawahi kuyaweza. Nimefunga vidonda hapa Kisangani tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka magoti yalipokataa kupanda ngazi. Nikifa leo, naomba angalau hilo la maji ya vuguvugu libaki.

Mimi nililijifunza kwa aibu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mvuvi kutoka Isangi, amekatwa na wavu wa waya mkononi. Nilishika ncha ya bandeji, nikavuta mara moja, nikidhani haraka ni huruma. Yule papa, ndivyo tunavyomwita mwanamume mzima hapa kwetu, hakulia. Alinitazama tu, akauliza kwa upole kama mimi pia nimezaliwa na mwanamke. Mwalimu wangu wa kazi, Tonton Lotika, yaani Mjomba Lotika, mtu wa Yanonge, mfupi, mpenda kuimba puani, alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alinibandika plasta pana kwenye mkono, mahali penye malaika, vile vinyweleo laini, akaniambia niende nayo nyumbani. Kesho yake asubuhi aliibandua kavu, mbele ya wenzangu wote. Tangu siku hiyo sikuvuta tena.

Tonton Lotika alifanya kazi katika miaka ya kuchemsha. Tulichemsha sindano za kioo, tukachemsha mikasi, tukafua bandeji na kuzianika uani kama nguo za mtoto. Ninyi mna glavu za kutupa na simu ya kumpigia picha daktari. Ni vizuri sana, nami nawaonea wivu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakijabadilika katika hospitali zetu, nacho ni sufuria.

Mnajua wenyewe jinsi ilivyo hapa. Mgonjwa haji peke yake. Anakuja na garde-malade wake, yaani mtu wa familia anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayempikia uani, anayemwogesha, anayemgeuza ubavu, anayekimbia kununua dawa. Hospitali inatoa kitanda na mikono yetu. Mengine yote yanatoka kwa garde-malade. Kwa hiyo Tonton Lotika alitufundisha tuangalie sufuria kabla ya kuangalia fishi, ile karatasi ya habari za mgonjwa. Sufuria ikirudi uani imejaa, mgonjwa hali chakula, hata kama anakuapia kwamba anakula. Na sufuria ikirudi tupu, bado umtazame garde-malade. Tuliwahi kuwa na mkwe mmoja aliyemlinda baba mkwe wake kwa uaminifu mkubwa. Wiki ya tatu tukagundua kwamba mgonjwa anazidi kukonda, na mkwe shati halifungiki.

Sasa, mgonjwa asiye na garde-malade, huyo ndiye mgonjwa hatari kuliko wote. Kidonda chake kinaweza kuwa kidogo, akafa kwa kukosa mtu wa kumletea maji. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Akiingizwa mtu peke yake, muuguzi wa asubuhi alisimama kwenye mlango wa ua wa kupikia, pale wanawake walipokuwa na mbabula zao, yaani majiko ya makaa, akapaza sauti akataja jina la mgonjwa na kijiji chake. Fulani, wa Yangambi! Fulani, wa Banalia! Na karibu kila mara mwanamke mmoja aliinua kichwa kwenye moshi akasema, "Iko wa kwetu." Hata kama hajawahi kumwona. Alikuwa anajua shangazi yake, au anajua mto wanakochota maji, na hiyo ilitosha. Siku hiyohiyo mgonjwa alikula.

Nilitangaza hivyo kwa miaka mingi sana, na nilijivunia sauti yangu. Niliwaza kwamba ndivyo Mungu anavyokusanya watu wake, kwa majina. Kosa ninalotaka kuwasimulia lilitoka humo humo, katika jambo nililolifanya vizuri kila siku.

Ilikuwa miaka ya karibuni, si mingi kabla sijastaafu. Ng'ambo ya mto watu wa jamii mbili walikuwa wamepigana kwa ajili ya ardhi. Nyumba zilichomwa, watu wakavuka kwa mitumbwi na magodoro vichwani. Mnayakumbuka, baadhi yenu mlivuka pia. Sitaandika majina ya jamii hizo wala ya vijiji, kwa sababu watu wake wako hai na wengine watasoma hapa.

Katika wodi yetu ya waliopasuliwa alikuwepo mama mmoja wa hao waliokimbia, Mama Georgine. Alikuwa akimlinda mumewe, aliyepasuliwa tumbo. Mwanamke mrefu, sauti ya kwaya, mkali kwa yeyote aliyeacha maganda ya ndizi uani. Nyumba yake ilichomwa, na mbuzi wake wote walikwenda. Alikaa kwa dada yake, mtaa wa Simi-Simi, na mchana wote alikuwa nasi. Lituma yake, ndizi zile za kutwanga, ilikuwa laini kuliko zote pale uani, na aliijua sifa hiyo.

Kisha akaletwa kijana anayeitwa Basile. Alikuwa akipakia mbao upande wa Bengamisa, gogo likateleza likampasua mguu kutoka goti kushuka. Dereva wa lori alimteremsha kwetu, akatoa pole, akaenda zake. Kidonda kilikuwa cha siku nne, na pua yangu ilinieleza hali yake kabla sijakifunua. Daktari alikisafisha, akatoa nyama iliyokufa, akatuachia sisi wauguzi kazi ya kukifunga kila siku.

Kitanda cha Basile kilikuwa kando ya kile cha mume wa Mama Georgine. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, Mama Georgine alipompakulia mumewe alimpakulia na Basile. Hakuulizwa na mtu. Aliona kijana hana sufuria, basi. Mimi sikuwepo siku hizo, mara tu baada ya kumpokea Basile nilianza mapumziko yangu. Nilirudi asubuhi ya nne, nikafungua fishi, nikaona pale pa jina la ndugu hapana kitu. Sikuuliza kama anakula. Sikuangalia chini ya kitanda, ambako sahani ya Mama Georgine ilikuwa imekaa tupu, imelambwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa ua, nikapaza sauti yangu nzuri, nikataja jina la Basile na kijiji chake.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha upande ule uliochoma nyumba ya Mama Georgine.

Wanawake wengi pale uani walikuwa wamekimbia kama yeye. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nilisikia makaa yakipasuka. Mama Georgine aliinuka, akafuta mikono kwenye kitambaa chake, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia chumbani. Aliinama, akatoa sahani yake chini ya kitanda cha Basile, akaenda kuiosha kwenye bomba kwa muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji. Basile alimtazama mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta.

Mchana huo hakupewa chakula, wala usiku. Nilimletea cha nyumbani kwangu, wali na makayabu, samaki wa chumvi, akala vijiko viwili akasema ameshiba. Siku nilizokuwa zamu nilimletea. Siku ambazo sikuwepo hakula. Wenzangu walijitahidi, lakini mnajua zamu zetu, mtu mmoja na vitanda ishirini. Na kidonda, wanangu, hakidanganywi. Nyama mpya inayoota ndani ya kidonda kizuri ni nyekundu, ina chembechembe kama za ganda la stafeli, ukiigusa inatoa damu kidogo. Ya Basile ilikuwa ya kijivu, imelala. Baada ya wiki moja daktari alinivuta pembeni akasema kwamba kama haitaamka mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, mguu utakatwa juu ya goti, ili kuokoa mwili. Kijana anayeishi kwa kubeba mbao.

Ndipo nikafanya kosa la pili. Nilikwenda uani kuhubiri.

Mimi ni Mkristo, mnajua, na nilijua kwamba wengi wao wanaimba Jumapili. Nikawasimulia ile habari ya msafiri aliyeachwa njiani nusu mfu, na mgeni aliyesimama akamfunga vidonda. Niliisimulia vizuri, hata machozi yalinilenga. Nilipomaliza, Mama Georgine aliendelea kumenya ndizi yake mpaka mwisho.

"Mama infirmière," akasema, yaani Mama muuguzi, "ule mugeni mwema alikuwa anapita tu na punda yake. Nyumba yake, nani aliichoma?"

Mwingine akacheka kidogo, si kwa furaha, akasema kama punda naye angechomwa, tungeona wema ule ungefika wapi. Nikarudi ndani na neno la Mungu mkononi kama fimbo iliyovunjika.

Jumapili kanisani nilipiga magoti, nikajikuta namwomba Mungu awabadilishe wanawake wale. Nikaomba kwa muda, halafu nikaona haya. Nani alisimama mlangoni akataja kijiji? Kabla sijafungua kinywa, Basile alikuwa mgeni mwenye njaa, na Mama Georgine alikuwa mama mwenye chakula. Mungu alikuwa amekwisha kuwakutanisha bila msaada wangu. Mimi ndiye niliyewapa kitu cha kuwatenganisha, halafu nikaja kumhubiria mtu aliyeumia kuliko mimi.

Na nilipokuwa pale magotini nikakumbuka sehemu ya habari ile ambayo wahubiri huipita haraka. Yule mgeni mwema alifunga vidonda siku moja tu. Kesho yake aliondoka. Aliyebaki ni mwenye nyumba ya wageni. Sisi wauguzi tunajua kazi hiyo ni ipi: kubadilisha vitambaa siku ya pili, ya tano, ya kumi na mbili, kusikia harufu, kuulizwa maji. Mwenye nyumba hatuambiwi kama alimpenda yule majeruhi. Huenda alinung'unika kila asubuhi. Nikajiambia, kwa nini nimwombe Mama Georgine upendo wote kwa mara moja? Nimwombe kazi ndogo, yenye mwanzo na mwisho.

Jumatatu nilimfuata kwenye bomba, tukiwa wawili. Nilimwambia nimemkosea, nilimchagulisha mbele ya watu jambo ambalo mtu huchagua peke yake na Mungu. Alinisikiliza akisuuza sufuria. Nikamwambia pia kwamba mwenzangu anaumwa, sina mtu wa kuuinua mguu wa Basile nikiufunga, na peke yangu siwezi bila kumwumiza. Hiyo ilikuwa kweli tupu.

Alisimamisha maji.

"Nitashika muguu," akasema. "Muguu tu. Mutu, hapana."

Nikamwambia mguu unatosha.

Tulianza. Nilimwonyesha jinsi ya kushika: kiganja kimoja chini ya kisigino, kingine chini ya goti, usibane, ubebe kama unabeba mtoto aliyelala. Sikumwambia neno jingine. Nikaanza kulowesha bandeji. Sikumwuliza Basile habari za watoto, maana hakuwa na mtoto. Nilitamani Tonton Lotika angekuwepo aimbe puani.

Mama Georgine ndiye aliyeanza kusema, akiutazama mguu, hakumtazama usoni.

"Siku ile, ulishika panga?"

Basile alishika ukingo wa kitanda. "Nilishika. Ya shamba."

"Bote banasema ya shamba."

"Ndiyo, mama. Najua. Bote banasema."

Basi. Hakuapa, hakulia, hakuongeza. Nataka mjue, wanangu, kwamba mpaka leo sijui ukweli wa panga lile, na Mama Georgine hajui. Watu wakinisikia nasimulia habari hii hutaka niwaambie kwamba kijana hakuwa na hatia, ili mioyo yao itulie. Siwezi. Nilijua tu urefu wa kidonda chake.

Nilipofika kwenye tabaka la chini, lile lililogusa nyama, hata maji ya vuguvugu hayakusaidia sana. Basile aliuma shuka. Jasho lilimtoka, mguu ukaanza kutetemeka mikononi mwa Mama Georgine. Nikamwona akiinama karibu naye, bila kujua anainama.

"Pumua, papa," akamwambia. "Pumua. Inaisha. Tazama, Mama anamaliza."

Hapa kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume tangu akiwa mchanga, papa, kwa jina la heshima la babu zake. Hakuna mtu anayelitoa neno lile kwa kupanga. Sikuinua macho. Nilifunga bandeji, nikashukuru, akaenda kunawa.

Kesho yake mchana nilikuwa nikiandika mezani niliposikia bati likigonga sakafu. Mama Georgine alikuwa ameweka sahani karibu na kitanda cha Basile, chini, jinsi unavyomwekea mtu ambaye hutaki kugusana naye vidole. Lituma, na samaki mzima, ngolo mwenye mafuta.

"Kula. Muguu ipone, uondoke mbele ya macho yangu."

Basile alikula. Alikula mpaka akalamba mifupa, na Mama Georgine akamkaripia kwamba kwao hawafundishwi kula. Siku ya pili alimkaripia kwa kutonawa. Siku ya tatu kwa kulalia ubavu mmoja. Akamgeuza mwenyewe kwa kumsukuma bega kama gunia la mihogo. Alimlisha na kumgombeza, kijiko kwa neno, na uani wanawake wengine walimtazama. Mmoja alileta pondu, mboga ya majani ya mihogo. Yule wa mzaha wa punda alileta mafuta ya mawese, akasema ni ya mguu, si ya mtu. Niliona usemi wa Mama Georgine wa pale bombani umeenea.

Alhamisi nilifungua kidonda, nikainama karibu zaidi. Kwenye ukingo wa juu kulikuwa na mstari mwembamba, mwekundu kama ufizi wa mtoto. Nikaugusa kwa pamba. Ukatoa damu. Nilimwita daktari, na Ijumaa yake ikapita bila msumeno.

Mume wa Mama Georgine alipona akaruhusiwa, wiki tatu kabla ya Basile. Niliwaza tumerudi pale pale. Lakini asubuhi iliyofuata nilimwona Mama Georgine akiingia langoni kwa miguu kutoka Simi-Simi, sufuria imefungwa kitambaa kichwani. Nilimwuliza kama hasira imekwisha. Alinishangaa.

"Iko palepale. Nani alikuambia imeisha? Nilishazoea tu kumukaripia."

Siku Basile alipotoka, kwa fimbo, na miguu miwili, alitaka kumpigia magoti Mama Georgine. Mama alimzuia kwa mkono, akamwambia mguu haujawa tayari kwa upuuzi huo. Kisha akamwuliza kama anarudi kwao. Kule palikuwa pametulia kidogo kwa watu wa upande wake. Kwa watu wa upande wa Mama Georgine, bado. Basile akasema ndiyo, mama yake mzazi anamngoja.

Mama Georgine alikunja kwanza kile kitambaa cha sufuria mara nne, mara nane. Halafu akamweleza njia ya kijijini kwake. Alimwambia apite kanisa lililobaki kuta, ashuke upande wa kisima, kuna mawe matatu. Pale amezikwa mama mzazi wa Mama Georgine. Tangu wakimbie hakuna aliyefika.

"Ukipata nafasi," akasema, "palilia."

Basile akasema atapalilia, akachukua namba ya simu ya mwana wa Mama Georgine. Wakaachana hivyo, bila kukumbatiana.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nachambua maharage, Mama Georgine akaja na simu ya mwanawe, kioo kimepasuka kona. Akaniwekea mbele ya macho. Ilikuwa picha. Mawe matatu, udongo mwekundu umelimwa kuyazunguka, na kando yake jembe, na nyuma ya jembe kivuli kirefu cha mtu aliyeegemea fimbo ili apige picha. Basile mwenyewe hakuonekana.

Mama Georgine aliivuta picha kwa vidole viwili ikakua, akaisogeza kushoto, kulia, akaileta karibu na uso. Machozi yalikuwa yakimshuka, na alikuwa amekunja uso vilevile kama alipokuwa akimkaripia Basile.

"Tazama hapa," akaniambia. "Upande huu ameacha majani. Ule mutu hajui kupalilia."

Akajifuta pua kwa kanga, akaniomba nimtafutie namba ya Basile kwenye ile simu, ampigie, amwambie arudie.